Kuvua kwa mshipi katika hori za Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maji, chambo na zana

Maswali haya nimeyaokota dikoni (pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa), dukani ninaponunua ndoana, na kwa vijana wanaonipigia simu usiku wa manane wakiwa tayari wamekwama kwenye tope. Majibu ni ya mtu wa mshipi wa mkono katika hori za magharibi ya Pemba. Mambo ya jarife (wavu) na dema (mtego wa kusuka) muulize mwenyewe wa jarife na dema. Utaona neno "maji" linarudi kila mahali. Ndoana hununuliwa na chambo hutafutwa, lakini maji hungojwa, na wengi wanaorudi mikono mitupu walikosea saa ya maji kabla hawajakosea kitu kingine.

## Mwanzo mwanzo

1. Hori ni nini hasa, na kwa nini nivue humo badala ya kwenda nje mwambani?

Hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Pemba haina mito mikubwa. Ina vijito vinavyoshuka vilimani na kukutana na maji ya chumvi ndani ya mikoko, ndiyo maana pwani ya magharibi ukiitazama kwenye ramani imechanikachanika: hori ya Chake Chake, ya Wete, na nyingine ndogo ndogo zisizo idadi. Kwa siku moja maji huingia na kutoka mara mbili, kama mto unaobadili nia.

Samaki wadogo hujificha na kukulia kwenye mizizi ya mikoko, na wakubwa huwafuata. Faida ya hori ni kwamba unavua bila kwenda nje kwenye mkondo ulio kati ya Pemba na bara, ambako kina ni mamia ya mita na upepo hauna mzaha. Hasara zake ni tope, mbu, na samaki ambao kwa kawaida ni wadogo kuliko wa nje.

2. Lazima niwe na chombo?

Si lazima. Kuna madaraja, kuta za bandari ndogo, na ncha za mchanga zinazofikia kina maji yakijaa. Ila mtumbwi au ngarawa itakupeleka mdomoni mwa hori, na mdomo ndio jikoni (tazama swali la 7). Kama huna, panda na mtu na umlipe kwa chambo. Mvuvi aliyeletewa ngisi wabichi hakatai abiria.

3. Nahitaji ruhusa?

Uvuvi wa Zanzibar unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi namba 7 ya mwaka 2010, na karatasi uliyoipata Tanzania Bara haikuvushi huku. Zaidi ya hapo, upande wa magharibi wa Pemba ni eneo la hifadhi ya bahari, linalojulikana kama PECCA, tangu mwaka 2005. Kuvua kwa mshipi kunaruhusiwa sehemu kubwa ya eneo hilo, lakini si kila sehemu: kisiwa cha Misali, kwa mfano, kina eneo ambalo halivuliwi kabisa. Shehia kadhaa pia hufunga sehemu za pweza kwa miezi michache na kuzifungua kwa siku maalumu.

Kwa hiyo kabla hujatia ndoana majini, nenda kwa kamati ya wavuvi ya shehia, jitambulishe, uliza. Mgeni anayeanza kwa salamu huonyeshwa hata pale penye samaki. Baruti, utupa na sumu nyinginezo, juya, na bunduki za kuchomea samaki ni marufuku, na hapa hazizungumzwi tena.

4. Nitegemee samaki gani?

Changu, tembo, kelea, chaa, kolekole wadogo na wa wastani, chewa kwenye mashimo, mzia wanaopita, na hongwe, yule samaki wa miiba mitatu (swali la 22), utake usitake. Usiku ongeza mkunga. Tasi na mkizi wamo kwa wingi lakini wana mambo yao (swali la 15).

## Maji

5. Bamvua na maji mafu yanaihusu nini mishipi yangu?

Yanaihusu kuliko unavyodhani. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku hizo huweza kukaribia mita 4. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, kwenye mwezi 7 au 8 (yaani siku ya 7 au 8 tangu mwezi kuandama) na tena 21 au 22, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi.

Sasa piga hesabu: hori ile ile, mdomo ule ule mwembamba, siku ya bamvua inatakiwa ijae na kupwa maji mengi mara kadhaa kuliko siku ya maji mafu, na muda ni ule ule wa saa sita. Lazima yakimbie. Chubwi, lile zito la kuzamisha mshipi, linanyanyuliwa, mshipi unapiga upinde, chambo kinaelea juu ya vichwa vya samaki, nawe unadhani umegusa chini. Siku ya maji mafu ni kinyume: mshipi unasimama wima vizuri kama nguzo, lakini maji hayaleti harufu wala chakula, na samaki wanalala.

Mie siku zangu ni za kati. Mwezi 4 hadi 6, 10 hadi 12, 18 hadi 20, na 25 hadi 27. Maji yanatembea lakini hayapigi mbio. Bamvua siiachi moja kwa moja, ila navua ile nusu saa ya maji kusimama na pembezoni mwake, kisha napumzika.

6. Nitajuaje saa ya maji kama sina jedwali?

Kwa mwezi. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 (alfajiri na alasiri) na kupwa kwenye saa 4 (asubuhi na usiku). Ndiyo maana kina mama wa mwani na wa kuokota pwani utawaona wanashuka asubuhi ya bamvua. Kisha kila siku songeza mbele kiasi cha dakika 50.

Mfano: mwezi 1 maji yamejaa saa 10 alasiri. Mwezi 5 ni siku nne mbele, dakika 50 mara nne ni saa 3 na dakika 20, basi yatajaa kwenye saa 1 na dakika 20 usiku. Ukifika mwezi 8 utakuta mambo yamepinduka, maji yanajaa kwenye saa 4 na kupwa kwenye saa 10. Hesabu hii ni ya kidole, si ya bandari. Jedwali lililochapishwa au programu ya simu itakupa dakika sahihi zaidi. Na kumbuka kwamba ndani kabisa ya hori maji huchelewa kidogo kuliko mdomoni.

7. Samaki wanakula zaidi maji yakijaa au yakipwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu linategemea umekaa wapi. Fikiria samaki kama watu wa sokoni. Maji yakianza kujaa wanaingia kutafuta kaa na kamba kwenye mikoko. Maji yakipwa wanalazimika kutoka, kwa sababu anayebaki anakaukiwa. Njia ni moja tu, nayo ni ule mfereji wa katikati na mdomo.

Basi: saa mbili za kwanza za kujaa, kaa mdomoni au kwenye kona ya kwanza ya mfereji. Maji yakishakuwa mengi samaki wametawanyika mikokoni na huwezi kuwafuata, ndoana itaishia kwenye mizizi. Huo ni muda wa kula na kuswali. Maji yakikaribia kusimama, jaribu mashimo yenye kina kwa ajili ya chewa. Saa mbili za mwisho za kupwa rudi mdomoni, safari hii upande wa nje, mahali maji ya hori yenye tope yanapokutana na maji safi ya bahari. Utauona mstari wenyewe, una povu na majani. Tupa kando ya mstari huo, upande wa giza. Kolekole na mzia huwa wanasubiri hapo.

8. Usiku wa giza au wa mbalamwezi?

Vyote vinavuliwa. Tofauti kubwa iko kwenye chambo: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa dagaa na ngisi hupungua dikoni na bei hupanda. Anayejua hununua wakati wa giza na kutia chumvi (swali la 13). Kwenye mbalamwezi mshipi mnene huonekana, shuka unene wa hatua moja.

9. Kusi na kaskazi je?

Hori za magharibi zina kinga, ndiyo raha yake: hata kusi ikivuma, kati ya Mei na Septemba, unaweza kuvua ndani wakati wenzako wa Kojani na Micheweni, upande wa mashariki, wamevuta vyombo juu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ni ya moto na safi, na samaki wa kupita huingia zaidi.

Kinachobadilisha hori kuliko upepo ni masika. Mvua kubwa ikinyesha vijito hushusha maji baridi yenye udongo na hori inageuka rangi ya chai ya maziwa. Samaki wengi husogea kuelekea mdomoni kufuata chumvi. Nawe sogea. Na kwa kuwa hawaoni mbali, tumia chambo chenye harufu, usitegemee kinachong'aa.

## Chambo

10. Chambo kipi kizuri kuliko vyote?

Ngisi mbichi. Nimejaribu kukwepa jibu hili kwa miaka, kwa sababu ngisi huliwa na watu na bei yake inauma, lakini ndivyo ilivyo. Changu anampenda, tembo anampenda, chewa anampenda, na nyama yake inashika kwenye ndoana.

Watu wanaharibu ngisi kwa kumkata vipande vya mraba kama wa mchuzi na kumshindilia kwenye ndoana mpaka ncha inapotea. Mkate ukanda: urefu wa kidole cha shahada, upana wa ukucha, mwisho mmoja mwembamba. Pitisha ndoana mara moja tu, mara mbili ukizidi, kwenye ule mwisho mpana, na uache mkia ucheze majini. Ncha ionekane. Samaki haogopi ncha, anaogopa kitu kinachozunguka kama panga la feni.

Baada ya ngisi, kamba wabichi wa humo humo horini, hasa kwa changu na chaa. Mpitishe ndoana mkiani apate kujinyoosha. Dagaa mzima au kipande cha kibua ni kwa mzia na kolekole. Mkono wa pweza ni mgumu, harufu yake si kali, lakini unadumu (swali la 11).

Lakini ubichi unashinda aina. Kamba wa asubuhi ni bora kuliko ngisi wa juzi. Na ile imani kwamba chambo kilichooza ndicho kinachoita samaki ni kweli kwa samaki mmoja tu: hongwe.

11. Chambo kinaliwa kila mara, ndoana inarudi tupu. Nakosea wapi?

Pengine hukosei, umekaa juu ya shule ya watoto. Hori imejaa chaa wadogo na vibunju (watoto wa bunju, samaki anayejivimbisha) wanaodonoa. Dalili ni mtetemo mwembamba usiokoma, kama mtu anayepiga ukucha kwenye bati.

Hamisha chombo hatua ishirini kuelekea kina. Ikishindikana, weka mkono wa pweza uliopondwa kidogo kwa jiwe, au funga chambo laini kwa uzi wa cherehani mizunguko mitano sita. Kuongeza udogo wa ndoana ili uwanase wadonoaji ni kosa: utarudi na pakacha la samaki wa urefu wa kidole ambao mwaka unaofuata wangekuwa kitoweo.

12. Kaa, kome na minyoo ya tope vinafaa?

Vinafaa sana na havina bei zaidi ya mgongo wako. Kaa wadogo wa mikokoni, ukiwavunja miguu na kuwapasua katikati, ni chakula cha kila siku cha changu na tembo. Wale kaa wanaotembea na nyumba za konokono watoe kwenye gamba, tumbo lao laini ni tamu kwa changu kupita kiasi, ila halishiki. Lifunge kwa uzi. Minyoo ya tope ni ya chaa. Nyama ya kome na kombe inakuwa bora ikitiwa chumvi kwanza ili ikaze.

Kama hutaki kuchimba, nunua kwa kina mama wanaookota pwani maji yakipwa. Wanajua mahali pa kila kitu kuliko sisi wenye vyombo.

13. Nihifadhi chambo vipi?

Kama una barafu: tia ngisi au kamba kwenye mfuko usiopitisha maji kwanza, ndipo uweke juu ya barafu. Ngisi akiogea maji ya barafu iliyoyeyuka hugeuka wa waridi, analegea na kunuka kabla hujafika mdomoni.

Kama huna barafu: chumvi ya mawe. Kata chambo tayari kwa saizi ya ndoana, panga tabaka la chambo na tabaka la chumvi kwenye ndoo yenye tundu chini, acha maji yatoke usiku kucha. Ni kama ng'onda, samaki wa kukausha, ila usikaushe juani mpaka ikawa ngozi. Inakaa siku kadhaa, na kuna raha nyingine, chambo cha chumvi kinashika ndoana vizuri kuliko kibichi. Dagaa ndio wanaofaidika zaidi. Bila chumvi hupasuka tumbo saa hiyo hiyo.

14. Nimwage chambo majini ili kuwaita?

Ndiyo, maji yakiwa taratibu. Ponda vichwa vya dagaa na matumbo ya samaki, changanya na mchanga mkavu mpaka vishikane, finyanga tonge, angusha upande maji yanakotoka ili lishuke na kupasuka chini ya chombo chako. Kidogo kidogo. Maji yakiwa ya mbio usijisumbue, utakuwa unamlisha samaki wa mvuvi aliye nyuma yako, naye hatakuambia asante.

15. Tasi na mkizi nawaona kwa macho lakini hawagusi ngisi.

Tasi mla majani. Mwani laini au kipande cha jani la baharini kwenye ndoana ndogo sana humpata mara moja moja, lakini kusema kweli tasi ni wa dema. Angalia na miiba yake, inachoma. Mkizi, yule yule wa hasira zake tijara ya mvuvi, hula vitu vidogo vya tope. Kinyunya cha unga wa ngano kwenye ndoana ndogo huku maji yametulia kinaweza kumdanganya. Mie nimeacha.

## Zana

16. Mshipi unene gani na ndoana namba ngapi?

Kwanza namba za ndoana, maana zinawachanganya watu dukani. Namba za kawaida huenda kinyume: 12 ni ndogo, 6 ni kubwa kuliko hiyo, 1 ni kubwa zaidi. Zikiongezewa sifuri (1/0, 2/0, 4/0) mwendo unageuka: namba ikipanda, ndoana inakua.

Kwa chaa, nailoni ya milimita 0.30 hadi 0.40 na ndoana 10. Kwa changu na tembo, 0.50 hadi 0.60 na ndoana 6 hadi 8. Huo ndio mshipi wa kununua kama unanunua mmoja. Kwa chewa na kolekole, 0.80 mpaka 1.00 na ndoana 1/0 hadi 4/0. Nailoni iliyopauka au yenye mikwaruzo kata, tupa kwenye mfuko, usiionee huruma.

Ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imeelekea ndani, naipenda kwa vitu viwili: humnasa samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa, na haikwami sana kwenye mizizi. Lakini haitaki kupigwa ghafla (swali la 20). Fundo lolote unalolijua litafaa, mradi uzungushe mara tano au sita na ulilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hujiunguza.

17. Chubwi zito kiasi gani?

Jepesi kuliko yote ambayo bado yanagusa chini. Maji yakisimama gramu 30 hadi 50 zinatosha. Mdomoni maji yakikimbia nimewahi kufika 200 na bado likatembea, nikafunga mishipi nikala muhogo.

Si lazima liwe la risasi. Nati za chuma, plagi za pikipiki zilizokufa, jiwe lenye kiuno, vyote vinazama. Ukitumia risasi, usiibane kwa meno na usiiyeyushe kwenye sufuria ya nyumbani, hasa ile iliyotoka kwenye betri za gari. Ni sumu, na inawaumiza watoto kuliko wakubwa.

18. Kila nikitupa, mshipi unakwama kwenye mizizi.

Funga chubwi kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Likikwama, uzi unakatika na unabaki na ndoana na samaki wako. Vua wima chini ya chombo badala ya kurusha mbali. Ukishakwama, zunguka uvute kutoka upande ulikotokea, na ikibidi kukata, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti, kamwe si mkononi. Mshipi unaokatika okota kadiri unavyoweza. Unaobaki mikokoni unanasa ndege na kasa kwa miaka.

19. Waya, fimbo, rili: vina haja?

Waya mfupi wa shibiri moja na nusu ni wa lazima kwa mzia, meno yake yanakata nailoni kama wembe. Kwa changu utamfukuza. Fimbo na rili ni nzuri kwa anayevua nchi kavu. Ndani ya mtumbwi, kidole kinasikia kuliko fimbo yoyote.

## Ukiwa juu ya maji

20. Nitajuaje ameuma, na nivute vipi?

Laza mshipi juu ya kidole cha shahada. Changu hugonga mara mbili, tk-tk, kisha anaondoka nao: vuta pale anapoondoka. Chewa ni uzito tu, kama umenasa mwamba unaopumua, na hapo huna nafasi ya kufikiri, mnyanyue kabla hajarudi shimoni. Kwa ndoana ya mviringo usipige, kaza polepole tu ijigeuze yenyewe.

Usizungushe mshipi mkononi. Nina kovu kwenye kidole cha kati tangu siku niliyojiviringisha ili nipate mkono huru wa kuwasha sigara, na kolekole akachagua dakika hiyo. Kata vipete vya mpira wa baiskeli uvae vidoleni, havina gharama.

21. Cha kuangalia kwa usalama ni nini?

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi maji gani, vaa boya, funga simu kwenye mfuko wa plastiki, chukua taa na maji ya kunywa.

Hatari ya hori yenyewe, ambayo watu wa nje hawaijui, ni kuachwa. Siku ya bamvua maji yanapwa haraka na mfereji unabaki ukanda mwembamba. Nimelala usingizi mara moja tu kwenye mtumbwi, nikaamka umekaa juu ya tope katikati ya mikoko, usiku, na maji ya kurudi ni baada ya saa tano. Usishuke kusukuma: tope la mikokoni linakumeza mpaka kiunoni, na magamba ya chaza kwenye mizizi yanachana miguu. Kaa, jifunike, uwalishe mbu.

## Yasiyo ya kila siku

22. Nimechomwa na hongwe, au na taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani). Nifanye nini?

Tia sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto, kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90. Jaribu joto kwanza kwa mkono mzima, kwa sababu ulioumia hauhisi sawasawa. Sumu ya miiba hii hupungua nguvu kwa joto na maumivu hushuka. Kisha hospitali: vipande vya mwiba hubaki ndani na kidonda huoza. Akishindwa kupumua, au amechomwa kifuani au tumboni, msingoje maji yachemke, ondokeni.

Kumtoa hongwe, mkatie mshipi au mshike kwa koleo. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na huisimamisha akikasirika.

23. Bunju analiwa?

Hapana. Sumu yake haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kukausha. Mrudishe majini, na usimtupe dikoni ambako mtoto au paka atamwokota.

24. Nimenasa kasa.

Kata mshipi karibu kabisa na mdomo, au toa ndoana kama inaonekana na inatoka kwa urahisi, mwache aende. Kasa analindwa kisheria. Kwa anayesikia harufu ya mchuzi kuliko sheria: Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, hapa hapa Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Haikuwa mara ya kwanza, mwaka 2021 Pemba ilishazika watu kwa sababu hiyo hiyo. Nyama hiyo haina dalili ya kuonja wala kunusa.

25. Ndoana imeniingia kidoleni mpaka kwenye kimbulu, kile kijino cha nyuma ya ncha.

Usiivute ilikotokea. Kata mshipi, funga isitikisike, nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiwa karibu na jicho usiiguse hata kidogo.

26. Naona video za watu wa Marekani na Kanada wanavua samaki mkubwa kama mtumbwi mtoni, kwenye maji yanayojaa na kupwa. Yupo huku?

Huyo ni sturgeon, na hayupo. Ni samaki wa nusu ya kaskazini ya dunia. Yule mkubwa wa video, sturgeon mweupe, ni wa mito kama Columbia na Fraser. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, mwili wake hauna magamba bali safu za vibamba vya mfupa, na hana meno. Ana ndevu nne mbele ya mdomo za kupapasia, kisha anafyonza chakula chini. Sehemu nyingi za huko ukimpata unatakiwa umrudishe.

Lakini ukiangalia wanavyovua, tatizo lao ni letu: chambo kikae chini maji yakikimbia. Hutia nanga juu ya shimo na kutumia chubwi lenye tundu linaloteleza kwenye mshipi, ili samaki akichukua chambo asihisi uzito. Hilo la chubwi nimeliiga. Nilitoboa nati, nikapitisha mshipi wa 0.60, nikafunga kifundo shibiri mbili juu ya ndoana ili nati isishuke zaidi, nikaenda mdomoni mwezi 11 saa mbili za mwisho za kupwa, ngisi mbichi. Chambo kilikaa chini kama kimepigiliwa. Cha kwanza kuuma kilikuwa hongwe. Rudi swali la 22.